Mapaja ya Mti

Kiwiliwili cha gita kilimponyoka fundi kwa mara ya tatu asubuhi ile, kikatua kwenye maranda sakafuni, na safari hii hakukiokota upesi. Alibaki kwenye kigoda akikitazama. Kwa miaka thelathini alikuwa akiyabana magita kati ya mapaja yake, mkono wa kushoto ukiyakumbatia kiunoni, wa kulia ukikwangua mbao mpaka iwe nyembamba ya kutosha kuimba. Kisha kiharusi kikaingia bila kupiga hodi, kikamnyang'anya nguvu za upande mzima wa kushoto. Hisia zilirudi, nguvu ziligoma.

Gita lenyewe lilikuwa la mwalimu wa muziki, aliyekataa katakata kulipeleka kwa mtu mwingine. Fundi alikuwa amejiapiza kimoyomoyo kwamba hili likimshinda, anafunga karakana. Hakumwambia mtu. Lakini mke wa miaka mingi hangoji kuambiwa, naye mkewe alikuwa amekwisha kumnong'oneza kaka yake.

Kaka huyo, fundi baiskeli ambaye mtaa mzima ulimwita Spoki, akaja na jiliwa la kubania magita, alilolitengeneza mwenyewe kwa vyuma chakavu. Alilifunga kwenye benchi, akaweka ndani yake kiwiliwili cha gita la zamani lililokuwa limetundikwa ukutani, akazungusha mpini kwa nguvu zile zile anazokazia nati za gurudumu. Ubavu wa gita ukalia, ukapasuka. Fundi hakupandisha sauti. Alimwambia shemeji yake kwamba gita si baiskeli, afungue vyuma vyake aende navyo, na kwamba yeye hajafika mahali pa kuonewa huruma. Spoki akafungua vyuma vyake, akaondoka navyo.

Hasira hasara. Fundi alijua maneno yale ameyatupa kwa mtu asiyestahili. Huruma aliyoikataa ilikuwa yake mwenyewe, ile anayojionea kila asubuhi akihangaika na vifungo vya shati. Na kana kwamba hayo hayatoshi, suruali yake ya kazi ikapotea. Mkewe alipoulizwa alijibu kwamba imo kwenye nguo za kufua, na kwa siku nne jibu lake halikubadilika.

Siku ya tano Spoki alirudi na mzigo ndani ya gunia, suruali ile ikining'inia begani. Fundi aliinuka kutaka kuomba radhi, lakini hakupewa nafasi.

"Shemeji, kaa kwanza," Spoki alisema. "Kama ni kunifukuza, utanifukuza ukiwa umekaa."

Akafungua gunia. Jiliwa la safari hii lilikuwa la mti. Taya zake mbili zilichongwa kwa mviringo na kuvikwa ngozi laini, na parafujo yake ilizunguka kwa vidole viwili tu. Fundi akauliza vipimo kavitoa wapi. Spoki akaitandaza suruali juu ya benchi. Upande wa ndani wa kila paja, pale magita yalipokuwa yakikaa, kitambaa kilikuwa kimelika hadi mwanga ukapita. Spoki alikuwa amepima sehemu hizo, urefu na upinde wake. Kisha, ili ajue mapaja hukaaje, akamvalisha dada yake suruali hiyo na kumkalisha kwenye kigoda, mto ukiwa katikati ya magoti.

"Na dada yako akakubali?"

"Alicheka mpaka mto ukaanguka. Lakini mapaja haya ni yako, Shemeji. Mimi nimeyachonga tu."

Fundi aliikunja suruali, akaiweka kando. Wao wawili walizoea kuchokozana, na shukrani baina yao ilipita mlango wa nyuma, imejificha ndani ya utani. Leo mlango huo ulikuwa mdogo mno. Moyo ulimjaa.

"Nilikukosea," alisema. "Ahsante. Ahsante sana, ndugu yangu."

Spoki hakujua pa kuweka macho. Akajifanya anakagua parafujo.

Wakaliweka gita la mwalimu, taya zikalishika, likatulia tuli. Fundi akatwaa bamba la kukwangulia kwa mkono wa kulia, kisha akasita, maana ule wa kushoto haukuwa na kazi tena. Tangu ujana wake ulikuwa wa kushikilia tu. Akauinua polepole, akaulaza juu ya uso wa gita, akaanza kukwangua. Chini ya kiganja kile dhaifu mbao ilitetemeka. Alihisi mahali ilipokuwa bado nene na mahali ilipoanza kulegea, jambo ambalo miaka yote alikuwa akilikisia kwa macho.

Alikwangua tena, akauhamisha mkono kidogo, akatulia. Kisha akamwita shemeji yake asogee, akauchukua mkono wake wenye grisi, akauweka pale pale. Fundi akakwangua tena, na Spoki akainamisha kichwa, akahisi mtetemo ukimpanda kiganjani.