Waya wa Shemeji

Fundi Miguu aliuziwa mbuzi kwenye gunia, na macho anayo. Pampu ya kunyonya hewa ilikuwa imetumika, nzito, imepakwa rangi ya kijani juu ya kutu. Kisanduku chake cha swichi kilikuwepo, ila waya wa kuunganisha viwili hivyo haukuwepo. Alizunguka maduka yote ya umeme. Pampu ilikuwa na pini tano nene, zimepangwa mstari mmoja, na kila muuzaji aliyeoneshwa picha alicheka.

Wala halikuwa jambo la kucheka. Kazi yake ni kutengeneza miguu ya bandia. Miaka yote alilainisha bamba la plastiki kwenye oveni, akalivuta kwa mikono na matambara juu ya plasta yenye umbo la kigutu cha mteja, na pale mikono isipofika plastiki haikukaa sawa, ikaja kumchubua mtu; pampu ndiyo ingeinyonya ikae. Sasa Mwalimu, mama wa watoto watatu aliyekatwa mguu chini ya goti, alitakiwa arudi darasani Jumatatu na asimame kutwa. Asiporudi, nafasi anapewa mwingine. Na bamba lilibaki moja tu.

"Mpelekee dada yangu," mkewe akamwambia. "Unaona aibu ya nini?"

Shemeji alitengeneza redio kwenye kibanda cha upana wa kitanda. Siku zote Fundi Miguu alimtania kwamba redio zake zinapona kwa kuogopa ulimi wake. Safari hii alikwenda amenywea, na mchoro wa zile pini mkononi.

"Leo shemeji kanikumbuka," yule mama akasema. "Kaa hapo. Usiguse kitu."

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: shemeji alikuwa na mikono, jamani. Alichukua waya wa shaba, akauviringisha kwenye msumari wenye unene wa pini, duru kwa duru zimebanana, akauchomoa. Akapata kijibomba kinachoshika pini kisiteleze. Akatengeneza vitano, na kila kimoja akakichomelea waya wa rangi yake kwa tone dogo la risasi. Fundi Miguu alitazama mpaka akasahau kutania.

Jumamosi asubuhi shemeji akaja navyo karakana, akavivika kwenye pini.

"Hiyo gundi yako ya majimaji, inayoganda ikawa ngumu, inapitisha umeme?"

"Haipitishi."

"Basi tumwage hapa."

Wakafunika uso wa pampu kwa nailoni, wakazungushia kipande cha kopo, wakamwaga. Baada ya saa moja plagi ikatoka nzima, laini, ungeapa imetoka kiwandani.

Fundi akakimbilia swichi. Shemeji akampiga kofi mkononi. "Haraka ya nini? Hii ikiungua, utanyonya hewa kwa mdomo?"

Akatoa betri na taa ya tochi, akapima waya mmoja mmoja. Waya wa kwanza, taa ikawaka kwenye pini ya tano.

"Shemeji, huu mchoro uliuchoraje?"

"Niliugeuza. Plagi ni kama kalibu ya mguu, kila kitu kinakaa kinyume. Nikaona nikusaidie."

"Na mimi nikaugeuza tena." Shemeji akacheka mpaka akaketi sakafuni. "Ujuaji wetu ungetuunguzia pampu." Kisha akafungua skrubu za kisanduku, akahamisha nyaya upande ule, plagi asiiguse.

Pampu ikanguruma. Fundi akatoa bamba limelegea kwa joto, akalilaza juu ya plasta, akabana kingo, akafungua bomba la hewa. Plastiki ikajivuta yenyewe, ikashika kila bonde, mpaka alama ya kovu la Mwalimu ikaonekana. Shemeji alishika waya wake muda wote, kusikia kama unapata moto. Haukupata.

"Kumbe ndiyo kazi yako hii," akasema taratibu. "Sikujua, shemeji."

Jumapili Mwalimu akauvaa mguu, shemeji naye akitazama. Akaenda mlangoni, akarudi, akazunguka meza. Fundi Miguu akafungua mdomo amwambie neno ambalo amewaambia wateja wote kwa miaka kumi na saba: utazoea.

"Haubani," Mwalimu akamuwahi. "Mbona haubani?"

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Fundi Miguu alisimama na lile neno mdomoni, akawakumbuka wote aliowaambia, na jinsi walivyoitikia kwa adabu. Akaona haya, akafurahi, vyote kwa pamoja.

"Naagiza plastiki nyingine," akamwambia shemeji yake. "Nawaita wote warudi."