Finjani ya Mama Barazani

—na akainywa, Rahila! Akainywa mpaka tone la mwisho, na saumu yake! Wallahi nlitaka meza inimeze!

Nani? Mama! Bi Mahbuba mwenyewe, anayefunga kila Jumatatu hata akiwa na homa. Leo kafungua jua bado liko juu, mbele ya baraza zima la skuli.

Ngoja, nakimbia. Na huyu Ishaq kanikodolea macho hapa, anataka laini aingie intaneti. Kaka, kaa chini! Simu yangu leo! Rahila, shoga yangu, we toka uende kusomesha mji wa Sur hujui tena mambo ya Al Khoudh, basi nnakupa toka mwanzo.

Ile skuli ya wasichana ya mtaani kwetu, anayosoma mdogo wetu Alaa, wanataka kuigeuza. Serikali iendelee kulipa, lakini skuli ijiendeshe: baraza lake lichague walimu, lichague vitabu, lipange saa zake. Baraza letu litoe rai, ndo ipelekwe wizarani. Na mama, usicheke, yumo barazani. Mjumbe wa kina mama! Kiarabu chake si unakijua, cha sokoni na cha msikitini. Kwa hivyo kila mkutano mie nakaa ubavuni kwake, namfasiria.

Sasa kweli nikwambie, jambo lenyewe mie nnalipenda. Si ndo nililoliandika chuoni kwenye ule mtihani wangu wa mwisho? Kurasa na kurasa, na profesa akanisifu mbele ya watu. Na Abla Sayyida, mwalimu mkuu, alivyokuwa akisema leo, lo, ungemuonea huruma. Mwalimu wa hesabu kahamishwa kati ya muhula, yeye hana kauli. Vitabu vya Kiingereza ni vyepesi mno kwa watoto, hana ruhusa ya kubadilisha. "Nnaendesha gari," anasema, "na usukani uko kwa mtu mwengine." Nikaitikia kwa kichwa mpaka shingo ikaniuma.

Akaja Ghassan. Huyu ana kiwanda Rusayl, binti yake yumo darasa moja na Alaa. Si mtu mbaya, usije ukamchukia. Anasema tukijiendesha ataleta maabara nzima. Lakini, hapo ndo penyewe, skuli ichague na watoto. Wote wafanye mtihani wa kusoma, wapya na waliomo. Atakayeshindwa apelekwe skuli nyengine, ng'ambo ya barabara kuu, kwa basi.

Nikamtazama mama. Mama kanitazama mie.

Kwa sababu Alaa, Rahila. Kalelewa Unguja kwa bibi, miaka miwili tu hapa. Kiarabu anakisoma kama anayechagua mchele, herufi moja moja, akikuta chuya anaanza upya. Mwaka wa kwanza hakusema neno darasani. Neno! Sasa juzi juzi tu ndo kapata shoga, ndo anarudi nyumbani anaimba. Huo mtihani ukija, hapiti. Na nyumbani sote tunajua hapiti, naye anajua. Wiki hii kalala na kitabu kifuani.

Na mie kwenye kurasa zangu zile za chuo nliandika "wanafunzi". Wanafunzi watachaguliwa, wanafunzi watahamishwa. Hata mmoja sikumpa jina.

Basi baraza likagawika nusu kwa nusu, huku mzee Aflah, mwenyekiti, ndo wa kukata shauri. Huyu ni mtu wa milimani huko ndani, ndevu nyeupe, hasemi mara mbili. Kahawa ikazungushwa. Mama kapokea finjani yake, kashukuru, kaiweka mezani.

Nnajua kwa nini kaiweka. We pia unajua. Kwa mama kukataa unachopewa ni ufidhuli, na kutangaza "nimefunga" ni ria, kujionyesha. Kwa hivyo kila Jumatatu anapokea, anaweka, watu wakijisahau anaisogeza kwangu nnainywa mie. Hila yake ya miaka.

Lakini leo mzee Aflah akaiona ile finjani. Akaacha kuzungumza. Ghassan akaiona, naye akanyamaza. Mie nikaelewa, Rahila, maana yule msichana wa kule kwao mzee niliyelala naye chumba kimoja chuoni alishanisimulia: kwao, mgeni akiweka kahawa chini asiinywe, ana haja. Na mwenyeji haruhusiwi kustarehe mpaka amuulize, na akimuuliza ni aibu kubwa kumnyima.

Mama hajui hayo! Mama katika ada za kahawa za huku anajua moja tu, kutikisa finjani ukishatosheka. Kakulia Vuga, Unguja, watu wanakunywa kahawa barazani wanatukanana kwa bao!

Mzee Aflah akasema, taratibu, "Umm Ishaq, kahawa yako imepoa. Sema haja yako."

"Anasemaje?" mama kaninong'oneza.

Hapo, Rahila. Ningesema "amefunga tu, mzee," watu wangecheka, yangekwisha. Neno lilikuwa ulimini. Nikasema, "Anauliza una haja gani."

"Mie? Haja?" Mama kajitengeza mtandio. Kafikiri. Mie nlijua atasema habari ya Alaa, na nlijua wataona anamtetea wake. Hakumtaja! Kasema, "Mwambie, mtoto anakuja skuli kwa sababu hajui. Sasa mkimuuliza mlangoni anajua nini, si mnawataka wasiokuhitajini? Kujiendesha jiendesheni. Abla apewe huo usukani wake. Lakini asishushwe mtoto garini."

Nikafasiri.

Ghassan akaingilia, "Sheikh, skuli isiyochagua itakuwaje bora?" Na si swali la kijinga. Mzee akamnyooshea mkono tu. "Haja imekubaliwa. Rai yetu: skuli ijiendeshe, na mtihani wa mlangoni usiwepo, wala aliyemo asitolewe. Kunywa, Umm Ishaq."

Kunywa!

Mama kaitazama finjani. Watu wote wanaitazama finjani. "Lazima?" kaniuliza kwa pembe ya mdomo.

"Lazima, mama."

"Leo Jumatatu, we mtoto."

"Mama, kunywa!"

Bismillahi, kainywa. Baridi, chungu, yote. Baraza zima "alhamdulillah!" Hata Ghassan kacheka: "Nimeleta maabara nzima, nimeshindwa na finjani moja."

Nnaendesha gari kurudi, nnacheka peke yangu, mama ananiambia, "Hivi wale walikuwa wakimshukuru Mungu kwa kahawa yangu?" Nikamweleza. Nikijua atacheka. Hakucheka. Tulipofika kipilefti cha pili akasema:

"Kwa hivyo kadhani nimemuwekea haja."

"Ndiyo."

"Na we ulijua."

"Nlijua, mama. Lakini Alaa—"

"Alaa ndo nnayemfunza asichukue kisicho chake." Akageukia dirishani. "Saumu ya sunna ntailipa siku nyengine. Neno la mtu mzima nlilolichukua kwa makosa, ntalilipaje?"

Nikamwambia, mama, ulichosema si kilikuwa kweli? Akasema, "Kweli. Kahawa ndo ilikuwa makosa, maneno si makosa. Basi nkayaseme tena bila kahawa, tuone kama yana miguu."

Mwenzangu, tumefika tu, hata mtandio hajauvua, kampigia mke wa mzee Aflah. Kesho asubuhi tunakwenda kwao, mie na yeye. Na ulimi wake nani? Mie! Nikafasiri kwa Kiarabu kwamba mimi nilijua nikanyamaza! Kanikataza hata kulainisha. "Neno kwa neno," kasema.

Kama mzee atalirudisha neno lake, mtihani upo, na Alaa ndo basi lile la ng'ambo. Kama hatolirudisha, Alaa anabaki. Nnaogopa, na nnaona kama leo ndo nimesoma kwa mara ya kwanza zile kurasa zangu.

Alaa kamuuliza mama mlangoni, "Nabaki?" Mama kambusu utosi, kamwambia, "Kesho ntakujibu, mwanangu."

Haya, Ishaq kashika waya, huyu ataung'oa. Basi na we jibu lako ni hilo la Alaa, shoga: kesho nikitoka kwa mzee Aflah, kabla sijavua abaya, nnakupigia. Na usiwe mbali na si—