Safari ya Kumtua Babu Shigela

Jumamosi asubuhi Recheli alisogeza vikombe vya chai pembeni, akatandaza ramani ya barabara juu ya meza ya uani, pale Kanyenye, na mdogo wake Festo akaanza kuitia alama kwa kalamu nyekundu. Walikuwa wanapanga safari ya Ujiji. Festo hajawahi kupanda gari bila kuulizia kwanza pa kula, kwa hiyo alikuwa ameshatia alama asali ya Kaliua, daraja la Malagarasi kwa ajili ya picha, chumvi ya Uvinza, na samaki wa migebuka wa kuchoma wakifika ziwani.

"Na babu je?" Recheli aliuliza.

"Babu atapanda pikapu, nyuma. Kwenye Noah hatoshi na mzigo wake ule."

Babu Shigela, baba wa babu yao, alikuwa amesimama pale anaposimama siku zote, kati ya karo la vyombo na banda la kuku, robota la kitambaa kichwani. Alikuwa pagazi. Enzi za misafara, mwenye mali, Mwinyi Uwesu wa Ujiji, alimwambia asubiri hapo kidogo, yeye anatangulia. Akatangulia. Babu akasubiri. Kufa alikufa, tena akazikwa vizuri, lakini jioni ya mazishi alikuwa ameshasimama tena pale pale na robota lake. Walioongeza vyumba vya uani walijenga wakimzunguka.

Usije ukadhani ukoo ule hauna huruma. Walimpa maji, walimfuta jasho, Krismasi walimlisha pilau kwa mkono. Ila kwao mzigo wa kichwani una utaratibu: aliyekutwika, au mtu wa damu yake, ndiye anayekutua. Mtu baki akikutua, amekunyang'anya. Basi wakakaa kwa adabu wakimsubiri Mwinyi Uwesu, baba kwa mwana, na katika heshima yao yote hiyo hakuna hata mmoja aliyewaza kumfuata yeye huko aliko. Watu wa ajabu kweli.

Tatizo ni kwamba babu alikuwa anazama. Kila masika ardhi ikilainika alididimia kidogo, na sasa udongo ulikuwa umemfika magotini. Dirisha la Recheli lilitazama upande ule, na alfajiri aliisikia shingo ya mzee ikilia chini ya robota. Ilimuuma mno. Mawingu yalishaanza kukusanyika upande wa Sikonge, na mvua kubwa moja tu ingetosha babu asing'oleke tena.

Ndiyo maana Festo alikuwa ameulizia Ujiji kwa simu, mtu huyu akamtuma kwa yule, hadi akampata Bibi Amne, mjukuu wa Mwinyi Uwesu.

"Lile robota?" Bibi Amne alisema. "Mbona sisi tulishakata tamaa nalo! Lileteni, wanangu, lileteni."

Hakuuliza nani amelishika muda wote huo.

Chai ilipokwisha, Festo alimpelekea babu ramani, maana njia anaijua. Babu aliisikiliza ikisomwa, akiwa ameinamisha macho tu, kichwa hakigeuki.

"Kaliua kuna maji?"

"Yapo, babu. Na asali nzuri sana."

"Asali wanakula wenye mali. Tutakunywa maji. Kwingine pita."

Festo alizikata alama zake moja moja, shingo upande.

Jumatatu walimchimbua kwa jembe, polepole wasimjeruhi miguu, wakampandisha kwenye pikapu. Alikataa kukaa. Kabla ya Urambo trafiki aliwasimamisha, akazunguka gari, akasema abiria haruhusiwi kusimama nyuma na mzigo.

"Huyu si abiria, afande," Recheli alisema. "Ni pagazi, yuko kazini."

Trafiki alimtazama mzee juu mpaka chini. "Shikamoo, babu." "Marahaba." Akawaambia waendeshe taratibu kwenye matuta, asije akateguka.

Kaliua walikunywa maji. Kwingine walipita. Recheli hakuona mto wala mlima. Njia nzima alikuwa amegeuza shingo kutazama kioo cha nyuma, akiomba Mungu mzee asiangukie lami hatua za mwisho.

Bibi Amne aliwapokea barazani, mwanamke mnene mcheshi mwenye kanga mpya. Aliwasalimia wote, akamwendea babu, akashika robota kwa mikono miwili. "Haya, tua," alisema, kama anayemwambia mpishi aipue sufuria. Robota likashuka. Shingo ya babu ikapanda, ikaendelea kupanda, mpaka ikaonekana alikuwa mrefu kuliko Festo. Alijishika utosi. Kisha akakaa chini, kitako, na Recheli akalia kwa sauti bila kuona haya, kwa sababu amemwona babu amekaa.

Robota lilipofunguliwa kitambaa kilikuwa bado cheupe. Bibi Amne alifurahi, akawapa chakula cha kushiba, migebuka na wali, kisha akaliingiza robota sebuleni, pale wageni wa nje wanapoletwa kunywa kahawa na kusikia habari za Ujiji ya zamani. Kibao kilikuwa kimeshachongwa. Recheli alikisoma, akasema pengine kingeweza kuongezwa jina moja.

"Aa, mwanangu, kibao kimekwisha nafasi," Bibi Amne alisema kwa upole, akamwongezea wali.

Wakaaga, wakaondoka. Babu alikaa mbele, kwenye kiti, dirisha wazi. Hawajafika hata Uvinza alishawasimamisha mara nyingi hadi Festo akaacha kuzima injini. Simama, mlima ule unaitwaje? Simama, nani kapanda michikichi yote ile? Njia hii aliipita kwenda na kurudi ujana wake wote, akasema, lakini mwenye mzigo kichwani haoni kitu ila visigino vya aliye mbele yake. Darajani Malagarasi walikaa mpaka miguu ikafa ganzi.

"Kile kibao," babu aliuliza hapo, bila kuyaondoa macho majini, "kinasemaje?"

Recheli alijua kusema uongo kidogo, ila si kwa mzee. "Kinasema robota lile Mwinyi Uwesu alilibeba mwenyewe, kichwani, kutoka pwani mpaka Ujiji."

Babu alicheka, akacheka mpaka akashika ukingo wa daraja.

"Uwesu? Uwesu yule! Mto huu wenyewe nilimvusha mgongoni."

Akajifuta machozi, akarudi garini, akawaambia waende, ila taratibu, na Festo asithubutu kupita penye asali bila kusimama.