Mgonjwa wa Ubaoni

Shangazi alikuwa amekumbatia ndoo, lakini ulimi wake haukulala.

"Kitendawili!"

"Shangazi, tapika kwanza utulie."

"Sema tega, wewe. Mmesoma mpaka adabu mmeisahau."

"Haya, tega."

"Kaingia punje, katoka ndoo nzima."

"Hicho kidonge cha utafiti," alijibu binti wa kaka yake, akimfuta mdomo.

"Siku ya nne hii kinanipindua matumbo. Hata kliniki Jumatatu sikwenda, miguu ilikataa. Nikapiga simu, wakaniambia nipumzike."

Yule binti akamwaga ndoo, akasuuza viatu vyake vilivyorukiwa, akaenda kazini roho juu. Hospitalini walimwita Mwalimu. Ndiye aliyetengeneza fomu za kompyuta za utafiti wa dawa mpya ya presha, na ndiye aliyewafundisha wauguzi na makarani kuzijaza. Watu themanini walikuwa wakimeza dawa ile, na kesho yake kamati ya usalama ingekaa, itazame takwimu, iamue kama dozi iongezwe maradufu.

Maradufu! Na shangazi hajamaliza kutapika hiyo moja.

Akafungua kwenye kompyuta fomu ya namba sitini na moja, ile ya kwenye kadi ya shangazi. Jumatatu: amehudhuria. Joto: 36.5. Kutapika: hapana. Kizunguzungu: hapana.

Harufu ya ndoo ikamrudia puani. Akatafuta wengine. Jumatatu hiyohiyo watu thelathini na mmoja, shangazi akiwemo, walikuwa na joto hilohilo, hawatapiki, hawaoni kizunguzungu, kama maji yaliyochotwa mtungi mmoja.

Karani waliyembandika jina la Kasi alikuwa chumba cha mafaili, anakula mkate juu ya kibodi. Makombo yamejaa katikati ya herufi, na mafuta ya vidole yanang'aa.

"Kasi, namba sitini na moja ulimpima?"

"Hakuja huyo."

"Hakuja, ukaandika kaja?"

"Sasa Mwalimu, si fomu yako? Kisanduku kikiwa kitupu haisogei. Inawaka nyekundu, inanikodolea macho kama mama mkwe. Nikisema hakuja, inanidai joto. Basi tunajaza ya ubaoni."

"Ubaoni wapi?"

"Mafunzoni! Yule mgonjwa wako wa mfano. Thelathini na sita nukta tano, hatapiki, hana kizunguzungu." Kasi akacheka, chembe ya mkate ikamrukia Mwalimu mkononi. "Mzima wa afya yule. Hata kukohoa hajui!"

Mwalimu akaipangusa chembe, akapangusa tena, na bado mkono ukamtia kinyaa. Mkono huohuo ndio ulioandika zile namba ubaoni. Mdomo huohuo ndio uliosema, "Sitaki kuona kisanduku kitupu!" Na waliojaza vyote aliwapigia makofi.

Akampelekea habari daktari mkuu wa utafiti. Daktari alikuwa akipuliza chai, ukutani kabandika mchoro wa takwimu ulionyooka kama nguo iliyopigwa pasi.

"Hakuna pengo hata moja, Mwalimu! Kamati itafurahi. Hayo madogo tutarekebisha baada ya kikao."

"Watu thelathini na mmoja ni madogo?"

"Usinitibulie, mama."

"Mmoja wao kanitapikia viatu asubuhi, daktari. Ukitaka kunusa, hivi hapa."

Daktari akarudisha miguu chini ya kiti. Chai hakuinywa tena.

Mwalimu akarudi mezani. Akaiachia fomu ikubali kisanduku kitupu, akaongeza chaguo la "hakupimwa". Akamketisha Kasi, mikono kainawa, wakawapigia simu wote thelathini na mmoja. Kumi na tisa walikuwa wanatapika. Mpaka simu ya mwisho, Kasi hakuwa na kicheko tena. Kisha Mwalimu akaiandikia kamati, na mstari wa kwanza ulisema: "Kosa lilianzia kwangu."

Kesho yake kamati ikasimamisha dawa. Daktari akampita koridoni kama anayekwepa dimbwi la maji machafu.

Jioni shangazi alikuwa ameketi, uji umetulia tumboni.

"Kitendawili," alisema Mwalimu.

"Tega."

"Hakuzaliwa, haugui, na kliniki hakosi."

Shangazi akawaza, akashindwa, akampa mji.

"Mgonjwa wangu wa ubaoni," akajibu Mwalimu, akamsimulia yote.

Shangazi hakucheka. Aliivuta ndoo karibu, akatema mate.

"Kumbe siku zote hizo mlikuwa mnamtibu yeye?"