Maji kwa Mkono wa Kushoto

Nana Konadu hakupenda kabisa mtu achezee chakula. Leo amekaa kwenye kiti cha hospitali, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri kwa heshima ya mahali, na mbele ya macho yake mtu mzima aliyesoma mpaka basi anampa mjukuu wake kisu na kiazi kikuu kilichochemshwa.

"Kikate," Bi Quansah, daktari wa mambo ya nafsi, alimwambia mtoto. "Kila kitu kilichosababisha babu afe kipewe kipande chake. Kilichochangia sana kipate kikubwa."

Hawa Wafante, watu wa pwani, Nana Konadu aliwaza. Hata ugonjwa wanautibu kwa kula.

Mtoto mwenyewe, Frempomaa, alikuwa na miaka kumi na minne na ni mashoto tangu kuzaliwa. Kwa Waashanti kama wao hilo si neno. Andika kwa kushoto, fagia kwa kushoto, hakuna atakayekuuliza. Ila kumpa mkubwa kitu kwa mkono huo ni matusi ya wazi, na kama wa kulia una shughuli, unaomba radhi kwanza ndipo unatoa. Siku ile Frempomaa alikuwa anakanda unga wa dokono, yale madonge ya mahindi yaliyochachushwa, mkono wa kulia umezama mpaka kwenye kifundo. Babu yake, Mzee Tabiri, akaomba maji. Mtoto akachota, akampa kwa kushoto, na radhi hakuomba. Mzee akapokea akicheka. "Mjukuu wangu, ndiyo unataka kunizika?" Kesho yake asubuhi hakuamka.

Tangu hapo mkono ule ukawa wa kuogopwa. Frempomaa aliuvalisha soksi, akauosha kwa sabuni ya majivu mpaka ngozi ikapasuka, na shuleni akaanza kuandika kwa kulia, mwandiko ambao hata kuku angeuonea aibu. Mtihani wa kuingia sekondari ulikuwa unakaribia na mwalimu wake alishasema wazi kwamba kwa maandishi yale mtoto hatafika popote. Mchungaji aliuombea mkono mpaka sauti ikamkauka. Ndiyo kwanza mambo yakaharibika, maana mtoto alisema, kama hauna kitu, wanauombea nini?

Na lile swali. "Nana, uko mzima?" Asubuhi, kisimani, katikati ya kula, chooni akigonga mlango. Nana Konadu alijibu kila mara, "Mzima, mwanangu," kwa sababu alimpenda, na kwa sababu jibu lilimtuliza mtoto muda wa kumeza tonge. Kisha lilirudi.

Frempomaa aliweka kisu katikati ya kiazi. Nusu nzima aliipa mkono wake.

Bi Quansah hakubisha. "Sawa. Sasa tuanze upya, huo mkono tuuweke mwisho. Babu alikuwa na ugonjwa gani?"

"Presha."

"Mkatie presha kipande."

"Na dawa aliacha," Nana Konadu aliingilia bila kuulizwa. "Eti zinamkojoza. Na chumvi! Samaki wa chumvi yule mzee alikuwa anawala kama karanga."

Vipande vikaongezeka. Presha, dawa, chumvi, gogo la kuni alilojitwisha baada ya kukatazwa, umri. Mkono ulipofikiwa, kilikuwa kimebaki kijincha cha kiazi ambacho mtu angemtupia mbuzi. Nana Konadu alisubiri daktari aseme, umeona sasa? Hakusema. Aliuliza tu, "Unakionaje?"

Mtoto alikitazama sana. "Ni kidogo. Lakini bado naogopa, Anti."

"Na uogope tu. Kichwa kimeanza kuelewa, mwili bado. Mwili hausikii maneno, unataka kuona. Na adabu inabaki adabu, sikufundishi utovu wa heshima. Ila kukosa adabu ni jambo moja, kuua ni jambo lingine. Tutalijaribu hilo la pili tu."

Wakapanga ngazi, na aliyepanga ni Frempomaa mwenyewe. Chini kabisa, kumpa Anti kalamu kwa kushoto. Katikati, chaki kwa mwalimu, kisha chumvi kwa jirani. Kila hatua atasema kwanza anachodhani kitatokea, halafu atangoja aone kilichotokea. Ile ya juu kabisa aliinong'ona.

"Nana. Maji."

"Mimi?" Nana Konadu aliuliza.

Bi Quansah alimgeukia. "Na wewe, Nana, unaogopa?"

"Nimezika mume, nimezika dada. Niogope kikombe?" Akacheka, lakini vidole vilikuwa vinasokota ncha ya kitenge chake, na alijua daktari ameviona.

Mtoto alipotoka, Bi Quansah alimzuia bibi kidogo. "Kazi kubwa ni yako. Akikuuliza kama uko mzima, usimjibu. Mwambie hilo ni swali la woga, na woga haujibiwi. Na usimfiche kitu."

"Hata nikiumwa?"

"Hasa ukiumwa. Ukimficha, utakuwa umemwambia kwamba mkono wake unaua."

Alikubali shingo upande. Jamani, kumnyima mtoto neno moja la faraja, neno la bure, ni kazi ya roho ngumu. Siku ya kwanza Frempomaa alilia, akamfuata bibi yake nyuma nyuma, na Nana Konadu akajifungia stoo ya mahindi akajikuta naye analia. Alimchukia Mfante yule kwa moyo wote. Lakini wiki zilipopita swali likaanza kuchelewa, halafu likaanza kuishia njiani. Kalamu ilipita. Chaki ilipita, mwalimu akiwa ameshaambiwa. Kwa chumvi, jirani muuza nyanya, aliyekuwa hajaambiwa, alisonya. "Huyu mtoto hafunzwi kwenu?" Frempomaa akasema samahani. Nana Konadu, ambaye jina lake la heshima halikuwahi kuguswa mtaa ule, alisogea mbele ya mtoto. "Nimemtuma mimi," alisema. Jirani hakufa, akaendelea kusengenya kwa afya njema.

Mkono ukatoka kwenye soksi. Ukaanza kuandika.

Jumamosi ikawa zamu ya maji. Frempomaa alisimama mbele ya kigoda, kikombe kikiwa mkono wa kushoto. Nana Konadu alikitazama. Adabu ya maisha yake yote ilimkataza kupokea, na nyuma ya adabu kukawa na kitu kingine ambacho hakukitarajia. Alimwona Tabiri akicheka. Alipokea, akanywa yote.

"Nana, uko..." Mtoto akafunga mdomo mwenyewe.

"Tutaona," alisema Nana Konadu.

Jumatatu aliamka na homa.

Aliijua homa ile. Viungo, baridi, kichwa kizito, ileile malaria inayomtembelea kila mvua zikianza. Aliijua, na bado alijiuliza. Na kama ni kweli? Alijifuta jasho, akafunga kitenge, akaenda kukanda unga huku meno yanagongana. Frempomaa alipotokea na sare za shule, bibi akamwambia macho yake yameiva kwa moshi.

Moto ulikuwa haujawashwa.

Mtoto alimtazama bibi yake, akatazama mafiga, kisha taratibu akaurudisha mkono wa kushoto nyuma ya mgongo. Wa kulia ukaingia mfukoni, ukatoka na ile soksi.

Nana Konadu aliiona, na hapo akajua nani ameitoa mfukoni. Ni yeye, na moshi wake wa uongo. Alijifuta unga, akaketi.

"Frempomaa. Nimekudanganya. Nina homa."

"Ni mimi." Sauti haikuwepo, midomo tu ilicheza.

Ah, jinsi ilivyokuwa rahisi kusema hapana, si wewe, njoo nikukumbatie. Neno lilikuwa ulimini tayari. Alilimeza.

"Mvua za mwaka jana niliumwa nini?"

"Malaria."

"Na za mwaka juzi?"

"Malaria."

"Hizo zote, nani alinipa maji kwa kushoto?"

Mtoto alifikiri. "Hakuna." Kisha, kwa shida, "Lakini naogopa, Nana."

"Hata mimi naogopa," alisema bibi, na hakuwahi kumwambia mtu maneno hayo, hata Tabiri. "Tangu Jumamosi naogopa. Sasa niletee dawa, ziko kwenye kopo la maziwa. Na maji."

"Kwa mkono gani?"

"Ule ulionipa Jumamosi."

Frempomaa aliweka soksi juu ya kigoda. Alichelewa ndani mpaka Nana Konadu akadhani hatatoka. Akatoka. Maji kayashika kwa kulia, na kwenye kiganja cha kushoto, kile chenye ngozi iliyopasuka kwa sabuni, zimelala tembe. Alisimama akapiga goti kidogo, kama alivyofunzwa tangu utoto.

"Samahani kwa mkono wa kushoto," alisema.

Hayakuwa ya bibi peke yake, maneno yale, na wote wawili walilijua hilo. Nana Konadu alizichukua tembe moja moja kutoka kwenye kiganja.

"Lete, mjukuu wangu," alijibu, kwa sababu hivyo ndivyo Tabiri angejibu.

Alimeza. Mtoto alikuwa analia, mkono wake ukiwa bado umenyooshwa. Bibi aliushika, akaukunja vidole, akaurudisha kwa mwenyewe.

"Nenda shule. Utachelewa."

Frempomaa alikwenda. Getini aligeuka, akafungua mdomo, akaufunga, akaendelea na safari yake. Mchana muuza nyanya alipokuja kuwasha moto kumsaidia mgonjwa, alikuta soksi moja juu ya kigoda, akauliza ni ya nini. Nana Konadu akamwambia aitumie kushikia sufuria, isimuunguze.