Msimu Tuliosomewa Halbadiri

Sisi timu ya Mikorosho tulifungwa mechi tisa mfululizo. Ya kumi tukatoka sare na timu iliyobaki na watu tisa uwanjani, na sare hiyo tukaishangilia kama tumebeba kombe. Tulikuwa timu ya ligi daraja la kwanza, wachezaji wana mikataba, wana kambi Maili Moja hapa Kibaha, nyumba ya vyumba vinne yenye tangi la maji nyuma. Mimi Mashaka ndiye niliyekuwa mtunza vifaa. Jezi nafua mimi, mipira najaza upepo mimi, glovu za kipa natunza mimi.

Kwa nini tulikuwa tunafungwa? Mabeki walikuwa wamezeeka na mshambuliaji wetu wa maana aliuzwa katikati ya msimu. Hakuna siri nyingine. Lakini huku kwetu timu haifungwi kwa sababu ni mbovu. Inafungwa kwa sababu kuna mtu kauza mechi, na anayetajwa kwanza ni kipa, maana mpira ukiingia yeye ndiye watu wanamwona amelala chini.

Kipa wetu alikuwa Seifu, kijana wa Masaki kule Kisarawe. Mrefu, mpole, mvivu wa kuongea. Mkewe Hamisa alikuwa anauza chapati na supu Soga, kwenye njia ya kwenda stesheni ya treni mpya. Timu ilipoanza kufungwa, wateja wakaanza naye.

"Shemeji, naona jokofu jipya. Mambo yamekubali, eeh?"

Jokofu lenyewe alipewa na dada yake aliyehamia Dodoma. Siku nyingine kijana mmoja akaonja supu, akawageukia wenzake: "Jamani, hii supu ina ladha ya magoli."

"Basi tafuna na nyavu," Hamisa akamwambia, akampokonya bakuli. Akaja kambini jioni ile analia.

Seifu akaniambia, "Mjomba, mimi kufungwa nimezoea, ndiyo kazi ya kipa. Lakini mwanangu Fadhila anaanza darasa la kwanza Januari. Aingie darasani aitwe mtoto wa muuza mechi?"

Hilo ndilo lililokuwa linamkosesha usingizi. Ligi ilikuwa ya pili.

Zilipobaki mechi mbili, mwenyekiti wetu, Mzee Maulidi, akatuita sebuleni. Ni mnunuzi wa korosho, timu anailisha yeye. Alikuja anachechemea, mguu umefungwa bandeji, akakaa akaunyoosha juu ya stuli.

"Humu ndani kuna mwizi," akasema. "Sitaki kumjua kwa maneno. Tunasoma halbadiri."

Kocha wetu, Didas, mtu wa Rombo, akageuka kwangu. "Ndiyo nini hiyo?"

"Dua, kocha. Anasomewa mwizi asiyejulikana. Aliyehusika anadhurika. Anavimba, anaugua, anavunjika, ndiyo watu wanamjua."

"Na akiugua ambaye hakuiba?"

"Hakuna kitu kama hicho."

"Malaria ipo, Mashaka."

"Kocha, tulia," akasema Mzee Maulidi. "Hayo hayapo kwenye vitabu vyako vya ukocha."

Nilidhani kuna mtu atapinga. Aliyesimama alikuwa Seifu. "Isomwe," akasema. "Isomwe hata mara mbili. Mimi nakaa mbele."

Mwalimu wa kwanza aliitwa kutoka Masaki. Akanywa chai yake, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Mimi husoma mtu akiibiwa mali. Nyinyi mmefungwa mchana, uwanja mzima unaona."

"Pointi ni mali, mwalimu," Mzee Maulidi akamjibu.

"Basi kaishitaki timu iliyozichukua." Akavaa viatu vyake, akapanda bodaboda, akarudi zake.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mwenyekiti akatafuta mwingine, huko Dutumi, ambaye hakuuliza maswali. Alhamisi baada ya alasiri ubani ukafukizwa, timu nzima tukakaa mkekani, na Didas, ingawa Mkristo, akakaa pale mlangoni kwa heshima. Ikasomwa mpaka mwisho. Seifu alikuwa mbele kabisa, mikono ameinua, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeoga maji ya baridi siku ya jua.

Tangu jioni ile kambi ikabadilika. Hakuna aliyekohoa. Mtu akitaka kupiga chafya anatoka nje. Zubeir, mshambuliaji wetu tuliyebaki naye, alijikwaa ngazini, akainuka haraka kama mtu aliyekamatwa na kitu cha watu. "Sijaumia!" akasema, kabla hajaulizwa. Tukacheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi.

Mechi iliyofuata tukafungwa mbili bila. Ikabaki moja, Jumamosi, nyumbani, na timu kutoka Lindi. Hesabu ilikuwa nyepesi: sare, tunabaki daraja la kwanza. Kufungwa, tunashuka.

Jumanne mazoezini ikapigwa krosi. Seifu akaruka, Mwinyimadi, beki wetu wa kati, naye akaruka, wakakutana hewani. Nilisikia mlio nikiwa nje ya chaki. Seifu akashuka, akaudaka mpira uliodunda, akaurusha kwa mkono wa kulia, akaendelea. Mazoezi yalipokwisha hakuvua glovu. Nilimkuta nyuma ya nyumba kwenye tangi, amefungua bomba, maji yanamwagikia ndani ya glovu ya kushoto.

"Leta nione."

"Hamna kitu, mjomba."

"Mimi ndiye ninayezifua hizo glovu. Leta."

Tulihangaika kuivua. Kidole cha pete kilikuwa kimelala upande, kimevimba kimekuwa kama ndizi mzuzu, rangi imeshaanza kuwa nyeusi.

"Kimevunjika hiki. Twende hospitali sasa hivi, gari nalitafuta mimi."

Akanishika kifuani kwa ule mkono mzima. "Mjomba, nikitoka hapo nje na bandeji, wataniita nani?"

Nikafunga bomba.

"Siku tano tu baada ya kusomwa," akasema. "Kipa. Mkono. Mungu wangu, kwa nini isiwe hata mguu?"

"Wewe hukuuza."

"Wewe unajua. Mimi najua. Mwambie basi anayekunywa supu Soga."

Nikamwambia Didas usiku uleule. Mimi si mtu wa kuficha mambo kama hayo. Asubuhi akamwita Seifu mbele yangu. Seifu akaja ameshavaa glovu zote mbili.

"Mashaka anasema umeumia."

"Mzee Mashaka ananipenda tu, kocha. Ananiona mtoto."

"Nipe mkono wa kushoto."

Akampa. Didas akaukamata, akaukaza. Niliona shingo ya Seifu ikitoka mishipa, lakini mdomo ulikuwa unatabasamu. Didas aliangalia mdomo.

"Vua glovu."

"Kocha, kama huniamini mpange Abeid."

Abeid alikuwa kipa wa pili na mechi mbili alizocheza aliruhusu magoli tisa. Didas akashusha pumzi. "Nenda kapashe misuli moto."

Alipoondoka nikamwambia kocha, "Amekudanganya."

"Najua kuna kitu. Lakini akikataa mwenyewe, nimbebe?" Akajishika shavu. "Nyie watu mmejitia kwenye shimo gani hili? Nina wachezaji kumi na wanane na wote wazima. Umewahi kuona timu mwishoni mwa msimu wote wazima? Wiki hii hakuna aliyeniomba hata panadol!"

Alikuwa ameliona. Nami nikaanza kuangalia vizuri. Mwinyimadi alikuwa anashuka kitandani kwa kuteleza na makalio. Zubeir alikuwa anavaa sweta saa saba mchana na anasema ni fasheni.

Jumamosi uwanja ulijaa. Hamisa alikuja na Fadhila, wakakaa upande wa jua. Nilifunga kidole cha Seifu pamoja na cha kati kwa plasta, raundi nyingi, kisha nikachana mshono wa glovu ili vipite. Jasho lilimdondoka kwenye kidevu kama amemaliza dakika tisini.

Tuliwafunga sisi kwanza, Zubeir kwa kichwa, dakika ya ishirini hivi. Hakushangilia, alikwenda kushika mwamba wa goli akabaki ameinama. Mapumziko nikampelekea maji, meno yake yalikuwa yanagongana kwenye chupa. "Nimechoka tu," akasema. Nikamshika paji la uso. Ungeweza kuchemshia yai.

Kipindi cha pili alikuwa anatembea. Mwinyimadi alikimbia mara moja kumfuata winga wao, akashika paja nyuma, akaendelea kwa mguu mmoja kama kuku, na yule winga akapita akatoa pasi na wakasawazisha. Goli hilo hata makipa wawili wasingelizuia. Ikawa moja moja. Tulikuwa bado tumebaki kwenye daraja.

Seifu alidaka. Lazima niseme hivyo, maana wengi hawasemi. Aliokoa moja kwa mguu, akaokoa nyingine kwa kifua, mipira ya juu akawa anaipiga ngumi ya kulia. Ukimwangalia bila kujua ungesema leo ana mbwembwe.

Dakika za nyongeza, mtu wao akapiga shuti la mbali. Shuti la kawaida, la mazoezi, likaja kifuani upande wa kushoto. Hilo halipigwi ngumi wala halipanguliwi, linakumbatiwa. Seifu akafungua mikono, mpira ukagonga kile kidole. Mikono ikafunguka yenyewe, kama mlango uliopigwa teke. Mpira ukadondoka, ukabingirika taratibu kati ya miguu yake, ukavuka mstari.

Watu hawakupiga hata kelele. Kisha mmoja jukwaani akasema, na uwanja wote ukasikia: "Si mmeona wenyewe?"

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo Mzee Maulidi aliingia kabla sijamaliza kuvua glovu ya Seifu. Plasta ilikuwa imelowa damu. Mwenyekiti akakitazama kile kidole muda mrefu, na niseme ukweli, niliona kama amepoa moyo, kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta.

"Haya," akasema. "Imemshika."

Seifu akainamisha kichwa. Alitazama sakafu.

Zubeir akatapika. Alikuwa amekaa pembeni, akainama tu, ikamwagika kwenye viatu vyake. Akafuta mdomo. "Basi na mimi imenishika, Mwenyekiti. Naumwa tangu Jumatano."

"Mimi paja limechanika," akasema Mwinyimadi, amekasirika kama anagombana. "Halafu aliyekivunja hicho kidole ni mimi, kwa kichwa changu, Jumanne. Dua gani inatumia kichwa changu?"

"Jino," akasema Didas, ameshika shavu. "Wiki ya pili silali. Labda niliuza mimi."

Mzee Maulidi akaanza kusema kuhusu heshima. Mimi nilikuwa nimepiga magoti, glovu ya damu mkononi, na nikamuuliza lililokuwa kinywani mwa kila mtu: "Na huo mguu wako, Mwenyekiti, wenyewe uliuza mechi gani?"

Akatoka. Hakuaga. Seifu akanitazama, na nilidhani atacheka. Akasema, "Mjomba, nipeleke hospitali. Sasa hivi twende."

Hospitali walisema kidole kimevunjika kwenye kiungo na kano imekatika. Angekwenda Jumanne kingenyooka. Kwa kucheza nacho kimeharibika, na kitabaki kimejikunja hivyohivyo.

Gharama yenyewe ndiyo hii. Timu ilishuka daraja, Mzee Maulidi akaacha kuilisha, na kambi ikafungwa. Sasa wanaishi mafundi rangi. Zubeir alilala wodini siku nne. Mwinyimadi hakucheza tena. Didas alirudi Rombo, na mimi nauza viatu vya mitumba sokoni. Seifu alijaribiwa na timu mbili, zote zikamwambia anyooshe mkono, zote zikamshukuru kwa kuja. Anaendesha bodaboda Masaki, klachi anaivuta kwa vidole viwili. Hamisa aliiacha biashara ya Soga akaja kuuza huku Kibaha, maana wapo waliosikia yaliyosemwa chumba cha kubadilishia nguo na wapo wasiotaka kusikia. Fadhila alianza shule Masaki kwa bibi yake badala ya Soga. Daraja moja, kidole kimoja, kazi za watu wote wa kambi ile, na mtoto anayemwona mama yake mwisho wa juma.