Mama Alivyopiga Deki Mayfair

Mama alifika Mayfair, mtaa tunaokaa huku kusini mwa Afrika, kutoka Tanga katikati ya wiki, na Ijumaa akapiga deki. Alifanya kama anavyofanya kwake kwenye saruji: ndoo ya maji, sabuni ya unga, fagio la chelewa, kisha maji yaachwe kidogo yalainishe uchafu. Kwetu chini ni vibao vya lamineti, unga wa mbao ulioshindiliwa na kubandikwa sura ya mbao. Maji yakishaingia kwenye viungo hayatoki. Yeye alitaka tu mimi na mke wangu tukirudi kazini tukute nyumba inang'aa.

Kufika Jumapili sebule ilikuwa imefura. Kingo za vibao zimeinuka, mlango unakwaruza. Nusaiba, mke wangu, na mimba yake ya miezi minane, alisimama pale mikono kiunoni. Namjua, akisimama hivyo mimi hutafuta kisingizio cha kwenda dukani. Nyumba ni ya kupanga, na akiba yote tuliyokuwa nayo ni ya uzazi.

Nikamwita Salvator, Mrundi wa mtaa wa Yeoville anayetandika sakafu. Alipiga magoti, akabonyeza hapa na pale.

"Eish, kaka, hizi zimekunywa maji, hazirudi tena," alisema. "Lakini usinunue zingine. Rangi hii siku hizi haiko."

Dawa yake ilikuwa kung'oa vibao vya sebuleni, saruji ikaushwe kwa feni, kisha vibao vizima vilivyo chini ya kitanda na kabati chumbani kwetu viletwe mbele. Vilivyofura vingeenda chini ya kitanda, ambako hakuna anayechungulia. Tulilipia kazi yake tu, na sponji nyembamba ya kutandika chini.

Siku zote za kazi ile mama hakukanyaga sebuleni. Alikaa jikoni juu ya kreti la soda, akisikia kila kibao kinavyong'olewa, chakula anakionja tu. Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomuumiza. Salvator alipomaliza, nilimkuta mama chumbani kwake anakunja khanga anatia kwenye begi. Akaniambia nimtafutie basi la kurudi. Amekuja kusaidia uzazi, ameharibu, bora aende kabla hajaharibu kingine. Nilibembeleza nikashindwa. Niliogopa kwelikweli, maana mji huu hatuna shangazi wala bibi, na mimi ninachojua ni kukaanga mayai.

Nusaiba akaingia, akaketi kitandani kwa tabu. Nikajua yale aliyoyameza wiki nzima sasa yanatoka.

"Nimekasirika, mama, sikufichi," alisema. "Mpaka sasa nimekasirika."

Mama akaitikia kwa kichwa, akaendelea kukunja.

"Lakini sakafu tumempata wa kuitengeneza. Nikijifungua, wa kunikanda maji ya moto ni nani huku? Wa kumwogesha mtoto ni nani? Mimi naogopa, mama. Usiniache."

Alikuwa ameshaanza kulia, yeye ambaye hata kwenye harusi yetu hakulia. Mama aliiweka khanga chini, akamfuta uso kwa kiganja, akaniambia nitoke, hayo si mambo ya wanaume.

Nikiwa mlangoni nilimsikia akimuuliza kama humu ndani kuna sufuria kubwa.